Uzi Ndani ya Mota

Mama alikuwa akishona sare za shule, mguu kwenye pedeli, pini mdomoni. Nyumba ilikuwa kimya mno. Akageuka.

Binti yake alikuwa amepiga magoti kando ya ukuta. Kigari cha mdogo wake kilikuwa kimefumuliwa, magurudumu huku, bodi kule. Mkononi alishika mota ndogo yenye nyaya mbili. Ncha zake zilikaribia matundu ya soketi.

Mama alitema pini, akaruka, akampiga kofi mkononi. Mota ikaviringika chini ya meza.

"Unataka kufa?"

"Nataka kuona kama inazunguka. Nimeweka betri mpya, imegoma."

"Redio ulifumua. Pasi ulifumua. Leo nimechoka. Lete hiyo bisibisi."

Binti alimtupia bisibisi miguuni. "Mdogo wangu alilia jana kutwa. Wewe hukumsikia."

Mama aliiokota, akaitia mfukoni. Shangazi wa mtoto, fundi wa kusuka mota za pampu, alisikia kelele akaingia.

"Wifi, sema na mwanao huyu," mama alifoka. "Alikuwa anatia nyaya ukutani."

Uso wa shangazi ulikunjamana. "Betri ya kigari ina nguvu ndogo. Umeme wa ukutani unaua hata mtu mzima. Usirudie tena. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Na wewe, wifi, kila siku unamkataza. Umewahi kumwambia kwa nini?"

"Nimwambie nini, na mimi mwenyewe sijui?" mama alisema kwa uchungu.

"Basi kaeni hapa wote wawili."

Shangazi aliokota mota, akaibandua kifuniko taratibu. "Hizi mbili za pembeni ni sumaku. Huu wa katikati ni waya wa shaba uliosukwa. Umeme wa betri ukipita, waya nao unakuwa sumaku. Sumaku za pembeni zinauvuta na kuusukuma, ndipo unazunguka."

"Mbona huu hauzunguki?" binti aliuliza, bado amenuna.

Shangazi alielekeza kidole kwenye mhimili, kile kijiti cha chuma kinachozunguka. Uzi wa buluu ulikuwa umejiviringisha, umeukaba.

Mama aliutazama sana. "Huo ni uzi wangu."

"Ni wako. Kigari kinapita chini ya cherehani yako, kinazoa."

Hasira ilikuwa bado kifuani mwa mama, ila sasa hakujua aielekeze wapi. Alichukua kibanio, akauvuta uzi mwenyewe. Binti akarudisha kifuniko, akaunga nyaya kwenye betri. Mota ikavuma kama nyuki.

Tangu hapo mama hufagia nyuzi kila jioni, na soketi zina vizibo. Bisibisi imerudi kwa mwenyewe, kwa sharti la kuuliza kwanza.

Juzi binti alisimama mlangoni. "Mama, feni imegoma. Nimeichomoa ukutani. Sijagusa kingine."

Mama aliweka mkasi chini. "Kamwite shangazi yako. Na mnisubiri, nataka kuona ndani."