Upindo wa Kiganja Kizima

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akanywa chai yake iliyopoa, kisha akakaa sakafuni kando ya cherehani ya mama yake na sindano mkononi. Jina hilo alibandikwa na baba yake kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Mama alishona sketi za shule, na Chiriku alizipinda pindo kwa mkono. Alizoea kulalamika kwamba vidole vimemwisha, lakini ukweli ni kwamba kazi ile aliipenda.

Siku hizo cherehani ilikaa ndani, kati ya kitanda na jiko, na pazia la maua lilikigawa chumba mara mbili. Zamani haikuwa hivyo. Zamani walipanga vyumba viwili vyenye baraza pana, na mama alishonea pale barazani penye mwanga. Wapita njia walimsalimu, naye akawajibu bila kuinua mguu kwenye pedeli. Baba alikuwa na kazi ya kudumu katika kiwanda cha sabuni. Mwisho wa mwezi ulijulikana hata kwa paka wa jirani: baba alirudi akinukia sabuni, mkate kwapani, na jioni hiyo kila mtu alipaka siagi bila kuangaliwa kwa jicho kali. Chiriku alikuwa akiikumbuka harufu ile mpaka moyo unamuuma.

Kisha kiwanda kikabadili utaratibu. Wafanyakazi wa kudumu waligeuzwa vibarua wa kuitwa kwa simu. Kazi ikiwepo, wanaitwa. Isipokuwepo, wanabaki nyumbani wakiitazama simu. Na huku unga ulipanda bei, nauli ikapanda, kodi ya nyumba nayo ikapanda. Kila kitu kinajua kupanda, baba alisema, isipokuwa ujira wake, ambao labda unaogopa kizunguzungu. Ndipo wakahamia kile chumba kimoja.

Katika wiki ya mwisho ya likizo, Chiriku akiwa nyuma ya pazia anakunja nguo, aliwasikia wazazi wake wakizungumza kwa sauti ya chini.

"Mwenye nyumba anaongeza kodi mwezi ujao," baba alisema. "Nimembembeleza mpaka nimechoka. Na yeye kanionyesha bili zake."

"Sasa tuhamie wapi, baba Chiriku?"

"Kule mwisho wa mji kodi iko chini."

"Kule nani ananijua? Wateja wangu wote wako hapa. Na mtoto abadilishe shule?"

Nyuma ya pazia, Chiriku aliacha kukunja nguo. Kuipoteza ile nyumba ya kwanza kulimtosha. Hakutaka kupoteza na chumba hiki, na shule, na rafiki zake.

Kesho yake mama alileta kitambaa cha buluu cha kushonea sketi walizoagizwa na wazazi wa mtaani. Alikitua mezani huku akihema.

"Bei imepaa, mwanangu, hata sijui tunakwenda wapi. Haya, mimi nafuata zipu na vifungo. Wewe kata mapande kama ninavyokata mimi. Na upindo wangu usiusahau."

Upindo wa mama ulikuwa na sifa mtaani. Sketi za dukani zilipindwa upana wa vidole viwili tu. Mama aliacha kiganja kizima, ili mtoto akirefuka, upindo ufumuliwe, sketi ishushwe, na ivaliwe mwaka mwingine. Kwa sababu hiyo watu walimlipa zaidi kidogo kuliko dukani, na bado wakaondoka wakishukuru.

Chiriku alikitandaza kitambaa, akashika chaki. Akawaza: upindo umefichwa ndani, nani anauona? Akapima pande la kwanza kwa vidole viwili. Kisha la pili, kisha yote. Alipomaliza, kitambaa kilichobaki kilitosha sketi nyingine nzima, na kidogo cha ziada.

Mama aliporudi alikiinua kile kipande, akacheka kwa furaha. "Leo muuzaji kanipimia kwa ukarimu! Kumbe watu wema bado wapo!"

Chiriku aliinama, akajifanya anatafuta sindano. Alitaka kusema. Lakini furaha ile hakuwa ameiona usoni mwa mama tangu wahame, akashindwa kuivunja. Basi akapinda sketi zote haraka haraka, akazipiga pasi mwenyewe na kuzikunja vizuri. Sketi ya ziada ikapata mnunuzi, na pesa yake ikawekwa kando kwa ajili ya kodi. Wateja wengine nao wakachukua zao.

Wa mwisho kuja alikuwa Mama Pacha, jirani aliyefanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Alizipokea sketi za mabinti zake, na kama kawaida yake akageuza ya kwanza ndani nje.

"Fundi," alisema taratibu, "upindo uko wapi?"

"Upo, dada, kama siku zote."

"Hebu njoo uone."

Mama alitazama sketi ya kwanza, kisha ya pili. Mama Pacha hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa na sketi mapajani.

"Mshahara wangu ni uleule tangu hawa watoto wanaota meno," alisema. "Sketi hizi nimejinyima ndipo nikazilipia. Nilishapanga: mwaka huu sketi, mwakani viatu. Sasa kama mwakani nanunua sketi tena, viatu watavaa vya nani?"

"Huyu muuzaji wa kitambaa…" mama alianza, kisha akamgeukia Chiriku. Chiriku alikuwa amejificha nusu nyuma ya pazia.

"Ni mimi," Chiriku alisema, na machozi yakamtoka. "Nilipunguza ili kitambaa kibaki. Nilitaka tupate kodi, tusihame."

Uso wa mama uliiva kwa aibu. "Nisamehe, dada," alimwambia Mama Pacha. "Kazi ni yangu na jina ni langu. Niachie, nitazirekebisha bila kukudai kitu."

Mchana ule mama alimshika Chiriku mkono wakapita nyumba kwa nyumba kuzikusanya sketi, na katika kila mlango aliyeeleza ni Chiriku mwenyewe. Wengine walimpa pole, wengine walimkata jicho. Alirudi nyumbani hana hamu hata ya kula.

Pesa iliyowekwa kwa ajili ya kodi ilinunua kitambaa. Mama aliongeza ukanda chini ya mshipi wa kiunoni wa kila sketi, pale panapofunikwa na blauzi, na kwa kuwa sketi ilirefuka kwa juu, upindo ukarudi kuwa kiganja kizima. Baba, ambaye simu yake haikulia, alipewa wembe afumue mishipi.

"Nimekuwa kibarua wa mke wangu," alitania. "Angalau hapa sisubiri kupigiwa simu."

Mama Pacha alipofuata zake, aliupapasa ule ukanda kwa muda. "Fundi, ukiweza kuongeza hivi, huwezi kunirefushia na sketi za zamani za dada yao?"

"Naweza," mama alijibu polepole. "Kwani kuna nini? Naweza."

Hapo mdomo wa Chiriku ukapata kazi. Alizunguka mtaa mzima akitangaza kwamba mama yake anarefusha, anapanua, na anageuza kola zilizochakaa. Watu wakaja na mifuko. Nguo mpya ziliwashinda bei, lakini kuzipa za zamani uhai kidogo hakukuwashinda. Kazi ile haikudai kitambaa kipya, kwa hiyo kilichoingia kilibaki. Baba alifumua, mama akashona, Chiriku akapinda. Mwenye nyumba alipokuja kudai kodi, alikuwa na suruali kwapani, kiuno kimembana. Akalipwa kodi yote na nyongeza yake, na suruali akaiacha.

Miaka mingi baadaye, Chiriku akiwa mtu mzima, alikuwa akisema kwamba akiota nyumbani haoti ile nyumba yenye baraza. Huota chumba kile kimoja, wote watatu magoti yakigusana, baba akichekesha na mama akimwambia anyamaze atajikata. Na huamka akiwa amewakumbuka sana.

Lakini jioni ya siku ile kodi ilipolipwa, mama alimkalisha Chiriku karibu yake.

"Najua ulitaka kutusaidia, mwanangu. Bei zikipanda, kila nyumba inatafuta pa kubana. Sisi tubane kwetu. Tupunguze sukari, tutembee badala ya kupanda gari, tuongeze kazi. Lakini ule upindo haukuwa wetu. Watu walikuwa wameshaulipia."

Chiriku aliitazama sketi iliyokuwa mapajani mwake, akapitisha kidole juu ya mishono.

"Vilikuwa viatu vya mapacha," alisema.

Mama alimvuta, akamkumbatia. "Sasa ndiyo umejua kushona."