Sura Ambayo Febronia Hakuiandika

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ya Chediel, pale Kiomboi, lilikuwa kicheko. Ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Dorika, dada mkubwa wa marehemu Febronia, alikuwa akigawa nguo za mdogo wake mkekani, na shangazi mmoja alipovuta vitenge viwili kwa mpigo, Dorika alimpiga kofi mkononi.

“We! Marehemu alikuwa na kiuno kimoja tu.”

Hata Chediel, mume wa marehemu, alicheka. Kisha Dorika akamgeukia. “Shemeji, kuna kitu chake kingine kimebaki?”

“Hakuna.”

Kilikuwepo. Katika chumba cha mbele, walikofundishia kompyuta, Febronia alikuwa ameandika mwongozo wa Kiswahili wa programu huria, zile ambazo mtu huzitumia na kuzigawa bila kununua. Uchumi wa soko huria ulikuwa umeingia nchini miaka ile, na kila kitu kilikuja na bei yake, hata maji ya kunywa. Yeye aliapa kwamba mwongozo wake ungewekwa kwenye tovuti bure, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuunakili, kuurekebisha na kuufundishia, mradi jina la mwandishi libaki. Melkiori, waliyesoma naye chuo kikuu, alikwisha kuutengea nafasi kwenye seva yake Singida mjini. Sura kumi zilikuwa tayari. Lakini kila Melkiori alipopiga simu, Chediel alijibu kwamba bado anasahihisha. Hakusahihisha chochote. Alizisoma tu, kama mtu anayemsikiliza mkewe akiongea chumba cha pili.

Mchana mmoja umeme ulikatika. Chediel alikuwa uani akiosha sahani aliposikia kibodi.

Febronia alikuwa na namna yake ya kuandika. Vidole vilikimbia, halafu kidole gumba kikapiga kitufe cha nafasi kwa nguvu, kama anayeua kiroboto. Ndivyo ilivyosikika. Alipofungua mlango hakukuwa na mtu. Kiti kilikuwa na joto, na chumba kizima kilinuka udongo uliolowa, ilhali ilikuwa kiangazi na Iramba nzima ilikuwa vumbi.

Umeme uliporudi, mwongozo ulikuwa na sura ya kumi na moja.

Maneno yalikuwa yake, hata mzaha wake. Chediel hakukimbia wala hakumwita mtu. Alilia kwa furaha, akaichapa sura ile, akawagawia wanafunzi wake, akawaambia wanakili wapendavyo.

Mwishoni kulikuwa na zoezi: *Fungua ukurasa mtupu. Andika jina la unayemkosa. Usifunge ukurasa.*

Jenipher, mwanafunzi wa uuguzi, aliandika jina la baba yake. Mwanzoni alitabasamu, kisha vidole vyake vikaanza kwenda vyenyewe, vikaenda kwa kasi kuliko alivyojua kuandika, na kila alipojaribu kuvivuta vilirudi vikigonga, hata kucha zikapasuka na herufi zikaloa damu, naye akiwa ameukodolea macho ule ukurasa, akisema kwa sauti ya mzee wa kiume kwamba huku chini kuna baridi, fungueni, fungueni. Wenzake walimbeba hadi hospitali. Tangu siku hiyo hakusema neno.

Jioni ya siku iliyofuata Dorika, aliyekwisha kusikia habari hizo, alikuja na Bi Amne, mganga kutoka Mgori, mwanamke mnene aliyelalamikia basi kwanza.

“Shikamoo, bibi,” alisema Chediel.

“Marahaba. Umekonda, mwanangu. Linakukula wewe kwanza, halafu wengine.” Alisimama mlangoni, akanusa. “Mkeo alikuitaje mkiwa wawili?”

Chediel alifungua kinywa.

“Usiniambie mimi! Liambie likuite.”

Umeme ulikuwa umekatika mji mzima, lakini kioo cha kompyuta kiliwaka. Chediel aliketi, akanong’ona, “Niite.”

*Chediel*, herufi zilijiandika. Du, kikalia kitufe. *Chediel mpenzi.* Du. *Mume wangu. Chediel wangu. Mwalimu wangu. Chedi.* Yalikuja kwa haraka zaidi na zaidi, kama mtu anayejaribu funguo moja baada ya nyingine kwenye kufuli gizani.

Walipokuwa chuoni walizaa mtoto wa kike aliyeishi usiku mmoja, wakamzika bila kuwaambia ndugu. Tangu hapo, wakiwa wawili, Febronia hakumwita mumewe kwa jina jingine ila Baba Eliana.

“Si yeye,” alisema Chediel.

Alipogusa kitufe ili kuifuta sura ile, sauti ya Febronia ilitoka nyuma ya sikio lake, ile ile ya siku zake za mwisho, iliyofifia, ikimwomba asimfukuze kwani hana pengine pa kwenda, na harufu ya udongo ikamjaa kooni hata akatapika, na mkono wake ukawa mzito kama si wake, na bado alijua kwamba akibonyeza hataisikia tena sauti hiyo maisha yake yote, ya kweli wala ya uongo.

Alibonyeza. Kioo kikazimika.

“Limetoka?” Dorika aliuliza kwa mnong’ono.

“Humu limetoka,” alisema Bi Amne. “Zile karatasi je, ziko ngapi huko nje?”

“Sijui,” alijibu Chediel. “Niliwaruhusu wanakili.”

Bi Amne alifunga mkoba wake.

Kesho yake asubuhi Chediel alipanda basi la kwanza kwenda Singida. Akasimama nyuma ya Melkiori hadi sura kumi zote zikapanda kwenye tovuti, na jina la Febronia juu kabisa. Chini ya leseni, Chediel aliandika mwenyewe mstari mmoja.

“Huu wa nini, ndugu yangu?” Melkiori alishangaa. “Leseni inawaruhusu watu kuongeza.”

“Uache.”

Mstari ulisema: *Mwandishi aliandika sura kumi. Ukikutana na ya kumi na moja, popote, usiisome.*