Ukuta wa Nyuma ya Kochi

Dada yangu mkubwa hapendi niandike habari hii. Anasema yaliyopita yamepita, ingawa yeye ndiye anayeishi nayo sebuleni kwake mpaka leo. Naiandika kwa sababu watoto wa ukoo wetu wameanza kuisimulia kwa kuongeza chumvi, na habari yenyewe haihitaji chumvi.

Ilianza Jumatatu asubuhi, kwa ndoo ya rangi.

Shemeji alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama yake alimchukua mjukuu wake, binti tuliyemwita Kasuku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Hakumchukua kwa ugomvi. Alimwambia dada tu, "Nyumba inabomoka, mwanangu. Mtoto atakohoa mpaka lini? Itengeneze, nije nione. Nikiridhika, namwacha." Siku aliyoahidi kuja ilikuwa Jumamosi ya wiki ile. Dada akaomba ruhusa kazini, akanivuta na mimi, tukaingia vitani na sebule.

Kuta tatu zilikuwa na ubishi wa kawaida: nyufa, matundu ya misumari, lipu inayomomonyoka ukiigusa. Hizo tulizimudu kwa unga wa jasi na msasa. Tulikuwa tukitoka mle weupe nyusi na kope, kama watu waliolala kwenye mashine ya kusaga.

Ukuta wa nne, ule wa nyuma ya kochi refu, ulikuwa na uvimbe. Ulianzia karibu na sakafu ukapanda mpaka usawa wa uso wa mtu mzima. Tuliusugua mpaka msasa ukawa karatasi tupu. Tulijaza jasi pembeni ili uvimbe umezwe, tukaunyoosha kwa ubao, tukaenda kulala tukijipongeza. Asubuhi kingo zote zilikuwa zimepasuka, na uvimbe umejitokeza zaidi kuliko jana.

"Huu ukuta unanichukia," dada alisema.

"Ukuta hauchukii mtu, dada."

"Wewe husugui upande huu."

Halafu ikaja habari ya rangi. Dada alikuwa amenunua rangi ya kung'aa kwa sababu ilikuwa inauzwa kwa bei ya kutupa. Kumbe ndiyo sababu ilitupwa. Rangi ya kung'aa haijui kuficha siri. Ilipokauka, kila kovu la ukuta lilionekana, na ule uvimbe ukawa unameta kama tumbo la samaki. Dada alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, brashi mkononi, akalia kwa hasira.

"Nimenyimwa mtoto wangu kwa sababu ya ukuta," alisema. "Ukuta! Hata si mume, hata si maradhi."

Tukamwita fundi. Mtaani walimwita Kesho, kwa sababu ndilo jibu alilompa kila mtu, na kwa maajabu safari hii alifika kesho yake kweli, Alhamisi. Alikuwa mcheshi. Aliangalia kazi yetu akauliza kama tulipaka rangi kwa brashi au kwa mkia wa mbuzi. Kisha akageuza mwiko, akaanza kugonga ukuta kwa mpini wake huku ametega sikio, kama mafundi wafanyavyo wanapotafuta mahali lipu ilipoachia.

Kuta tatu zilimjibu kwa sauti nzito, iliyoshiba. Kwenye uvimbe sauti ikabadilika.

"Humu mna uwazi," alisema.

"Mkubwa?"

Akachukua penseli. Akawa anagonga na kuchora, anagonga na kuchora, akifuata mpaka ambapo sauti ilibadilika. Mwanzoni alikuwa akipiga mluzi. Alipofika juu mluzi ukakatika. Alirudi nyuma tukautazama mchoro wote watatu. Ulikuwa na mabega.

"Tubomoe?" aliuliza, lakini hakuwa na sauti ya mtu anayetaka kazi.

"Kwa pesa gani, fundi? Na Jumamosi ndiyo hiyo."

"Basi funika, dada yangu. Rudisha kochi hapo. Nani atafunua kochi?" Alikusanya vifaa vyake bila kuvifuta, akakataa chai, akaondoka. Mwiko aliusahau dirishani. Hajaja kuuchukua mpaka leo.

Mchana ule ule tulikuwa jikoni tunaosha brashi kwa mafuta ya taa. Jua lilikuwa limejaa uani. Kutoka sebuleni tukasikia mtu anagonga. Ko, ko, ko.

"Karibu!" dada akaitikia, bila hata kuinua kichwa.

Nani asiyefanya hivyo? Mtu ameinamia beseni, mikono imejaa rangi, anasikia anagongewa. Mdomo hujibu kabla ya akili.

Kisha tukatazamana. Mlango wa mbele ulikuwa wazi tangu asubuhi ili harufu ya rangi itoke. Mtu akikuta mlango wazi hupiga hodi kwa mdomo. Na sauti haikutoka mlangoni.

"Fundi?" dada aliita.

Akaitua brashi kwenye beseni.

Tukaenda. Sebule ilikuwa tupu. Mstari wa penseli ulikuwepo, mzima, na mabega yake. Ndani ya mstari ukuta ulikuwa bapa.

Dada alipitisha kiganja. Akapitisha tena. Niliegesha ubao wa kunyooshea na haukuacha hata upenyo wa mwanga. Nikagonga kwa kidole. Sauti ilikuwa nzito. Imeshiba.

"Umekubali!" dada alisema, akaanza kucheka. "Mdogo wangu, umekubali wenyewe!"

"Dada," nilimwambia, "kilichokuwa humu kimekwenda wapi?"

Kicheko kilikatika. "Usiniharibie," alinong'ona. "Tafadhali. Mpaka Jumamosi ipite."

Ijumaa tulipaka rangi isiyong'aa, mabaki aliyopewa na jirani, ikatosha kwa kuizimua kwa maji. Tukarudisha kochi. Ilikuwa sebule nzuri. Ila hewa yake ilikuwa ya chumba ambacho mtu amekitumia muda si mrefu.

Jumamosi mama mkwe alifika, Kasuku mkononi, mfuko wa nguo begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alizunguka akigusa kuta kwa nyuma ya mkono, kama anayempima mgonjwa homa. "Mh! Nani kakufanyia?"

"Mimi na mdogo wangu."

"Hongereni. Huu wa nyuma ya kochi, hata kwangu sina ukuta kama huu." Akautua mfuko wa nguo chini. "Haya. Neno langu ni neno. Mtoto wako huyo."

Dada alimkumbatia mama mkwe mpaka akamvuruga kilemba. Tukamwacha Kasuku kwenye kochi, tukaingia jikoni kuchemsha chai. Tulimsikia akipiga soga peke yake, na bibi yake akacheka, "Huyo! Hata kuta atazipigia soga."

Mimi ndiye niliyeacha kucheka wa kwanza. Kasuku alikuwa anasema, ananyamaza, anasema. Ananyamaza kwa urefu wa jibu.

Dada aliweka birika chini. Tulienda mpaka mlangoni.

Kasuku alikuwa amekaa mwisho kabisa wa kochi, amejibana, kama mtu aliyempisha mwenzake. Mto wa kukalia wa katikati ulikuwa umebonyea. Umebonyea sana.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mgeni wako."

"Mgeni gani?"

"Huyu." Hakunyoosha kidole. Alikuwa amelelewa kwa adabu. "Anasema ulimkaribisha mwenyewe. Alikuwa amechoka kusimama."

Dada alishika fremu ya mlango. Sauti yake ilitoka chini kabisa.

"Amekuambia nini kingine?"

"Ameniuliza kama na mimi nitakaa."

"Ukamjibu?"

"Nimesema nitakaa."

Mto wa katikati ukainuka. Taratibu. Kama mtu mzito anaposimama.

Dada hakupiga kelele. Alimnyakua mtoto, akachukua mfuko wa nguo, akarudi jikoni, akaviweka vyote viwili mikononi mwa mama mkwe wake.

"Rudi naye, mama."

"Una wazimu? Si ndiye uliyemlilia mwaka mzima?"

"Rudi naye. Sasa hivi. Mimi siwezi."

"Huwezi nini?"

Mama yule aliondoka akiamini kwamba mkwewe amemkataa mtoto wake wa kuzaa, na hajamsamehe. Kasuku alilia mpaka kona ya barabara.

Wiki iliyofuata tulisogeza kochi ili tufagie. Kwenye rangi mpya palikuwa na doa jeusi, la mafuta, lile linaloachwa na kichwa cha mtu anayeegemea ukuta mahali pamoja miaka nenda miaka rudi. Lilikuwa juu kuliko kichwa cha mtu yeyote wa ukoo wetu akikaa. Pembeni yake, mwisho wa kochi, palikuwa na doa jingine. Dogo. La chini.

Lile kubwa dada amelipaka rangi mara nyingi, na hurudi kabla rangi haijakauka vizuri. Lile dogo hajaligusa.

Kasuku yuko kwa bibi yake, mzima wa afya, ingawa siku hizi haongei sana. Nikienda kumsalimia humkalisha kitini nikampima kwa utani, tuone amekuaje. Kisha huenda kwa dada, nikasogeza kochi, nikapima. Doa dogo linapanda. Halijawahi kupishana naye.

Nimemsihi dada auze nyumba, ahame. Mara ya mwisho alinitazama kama mtu niliyemtukana. Akanivuta mpaka uani, akanong'ona ili asisikike ndani.

"Nihame, nimwache huyu mdogo wa ukutani peke yake na yule mkubwa?"