Jina Langu Liliwaponza Akina Mama wa Matiri

Naitwa Skola, nina miaka thelathini na moja, ni fundi cherehani hapa Mbinga mjini. Najua wengi mtanilaumu kwa haya nitakayoyasimulia... nilaumuni tu, nastahili!

Mwaka jana nilifahamiana na Madam Vero, mwanamke anayeuza nguo laivu kwenye simu. Alinipa kazi niliyoiona ya mteremko kabisa. Niwe natazama laivu zake na kuandika komenti kama mteja: "Nimepokea mzigo wangu, ni mzuri kuliko kwenye video!" Ujira wangu ulikuwa kitenge kila mwezi.

Nilimuuliza kwa nini asibuni majina tu. Akacheka. Akasema watu hawaangalii nguo, wanaangalia nani kanunua. Mama wa huku akiona jina la binti aliyemjua tangu anakojoa kitandani, tena fundi wa nguo, hawezi kukubali kupitwa.

Jamani, nilimshuku tangu mwanzo! Kwa nini gauni lilikuwa lile lile kila siku, akilionesha upande mmoja tu? Kwa nini alipiga kelele "zimebaki mbili!" halafu anauza kumi? Na wale wengine waliokuwa wakishukuru, walikuwa wateja kweli au chambo kama mimi? Nilijiuliza yote hayo... na vitenge nikaendelea kupokea.

Ikaja zamu ya magauni meupe ya komunio ya kwanza. Kwetu kijijini Matiri, akina mama wa jumuiya hubaki kidogo baada ya sala ya Jumamosi asubuhi. Siku hiyo waliizunguka simu ya dada yangu Oliva, kwa sababu ndiye aliyekuwa na bando. Jina langu likapita pale. Wakashangilia, "Si huyu Skola wetu!"

Oliva peke yake aliingiwa na shaka. Dada yangu huchambua mbegu za mahindi punje kwa punje, haamini hata gunia la jirani. Akatoka nje, akanipigia.

"Mdogo wangu, hayo magauni umeyashika kwa mikono yako?"

Neno moja tu, hapana, lingetosha! Lakini Madam Vero alikuwa anahesabu kwenye laivu, tano, nne, tatu... Nikamjibu, "Nimeyashika, Dada. Chukueni." Wakaagiza tisa kwa mkupuo, likiwemo la Anjela, binti yake Oliva.

Mzigo ulifika Ijumaa, na komunio ilikuwa Jumapili. Magauni yalikuwa mepesi kama chandarua, mengine yana madoa ya manjano. Mawili yalikuwa ya kulalia, ya watu wazima! Nilimpigia Madam Vero, kumbe namba yangu ameshaifungia.

Oliva alinitaka nimwoneshe la kwangu. Sikuwa nalo. Nililia, nikamweleza kila kitu, nikaomba nikeshe nikishona. Akakataa nisiguse hata uzi. Anjela na wenzake walipokea komunio wakiwa na sare za shule, na akina mama walinipita mlangoni mwa kanisa bila salamu.

Nilidhani yameisha. Mwezi uliopita mama yetu aliugua ghafla akiwa kwangu. Nikampigia Oliva, nikamwambia apande basi la asubuhi ile ile. Akakata simu. Baadaye jirani yangu akaniambia Oliva amempigia kuuliza kama ni kweli mama anaumwa. Alipoamini, basi lilikuwa limeondoka. Alifika jioni, mama ameshakata kauli, na hakusema tena hadi alipofariki. Kutwa nzima alikuwa akimwita Oliva!

Ndugu zangu wasomaji, kabla hujanunua kwenye laivu, jiulize: umependa nguo, au umeogopa kupitwa na unaowajua? Na wewe unayeombwa kuandika "nimepokea" wakati hujapokea, nakusihi usiandike! Usidhani ni maneno ya kwenye simu tu.

Juzi nilimwambia dada yangu kwamba nampenda. Akaniuliza ni nani amenituma.