Gari Lilikunywa Mafuta Kila Tukienda kwa Mwanangu

Nilimkuta mume wangu asubuhi ya safari ameinamia boneti la gari letu... anachomoa waya!

Sisemi waya umechomoka. Anauchomoa! Kwa vidole vyake, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Baba Spana! Unafanya nini?"

Akashtuka, kichwa kikagonga boneti.

"Na... naangalia tu, Mama Spana."

"Unaangalia kwa kuchomoa?"

Akajifuta vidole kwenye suruali.

Jamani, ngoja niwaeleze mnielewe. Mume wangu ni fundi magari. Mtaa mzima unamletea magari, yanaingia yakivutwa kwa kamba, yanatoka yenyewe. Lakini gari letu wenyewe, kuukuu lile, lilimshinda! Kinyozi hajinyoi, ndivyo nilivyokuwa nikiwatania majirani.

Spana ni mtoto wetu wa pekee. Jina alipewa na mafundi wa gereji, maana alijifunza kutambaa katikati ya spana za baba yake. Alipokua akaenda kufanya kazi machimbo ya mawe, mbali, ambako simu hazishiki na basi haliendi. Alikuwa akituma salamu kwa madereva wa malori. Halafu salamu zikakatika...

Wakati huo nilikuwa nimelazwa, presha imenipanda mpaka mdomo umepinda. Nilipotoka hospitali neno langu lilikuwa moja tu: nipelekeni kwa mwanangu! Nikiwauliza madereva, wanatazama chini.

"Muulize baba mtu, mama."

Sikung'amua kitu.

Mume wangu hakukataa kunipeleka hata siku moja. Hapo ndipo aliponiweza.

Tulikuwa tunajaza tangi njia panda, kwenye kituo cha mwisho. Mbele ya hapo hakuna petroli, tangi hilohilo likufikishe na likurudishe. Tukianza kupanda milima, ekzosi inatoa moshi mweusi, harufu ya petroli inajaa ndani, na mshale wa mafuta unashuka huku nauona!

"Tubebe basi dumu la akiba!"

"Na harufu hii? Tutaungua, mke wangu. Na tukiendelea hatutarudi."

Tunageuza. Mimi nalia, na shati jipya nililomshonea Spana liko mapajani.

Kila tukirudi analigundulia gari ugonjwa mpya. Mara plagi zimejaa masizi. Mara filta ya hewa imeziba. Mara breki za nyuma zinashika, gari linajivuta lenyewe. Mara matairi yamepungua upepo. Yote akayatengeneza mbele ya macho yangu! Tukizunguka mtaani, gari zima kabisa. Tukipanga safari ya machimbo tu, linakunywa kama limelogwa.

Na mimi nikaamini limelogwa! Niliweka mkono juu ya boneti, ndugu zangu, nikaliombea.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mchawi nalala naye kitanda kimoja!

"Huo waya ni wa nini?"

"Wa sensa ya joto la injini." Bado alikuwa ameushika. "Ukichomoka, injini inadhani ni ya baridi muda wote. Inajimiminia petroli."

"Kwa hiyo siku zote ni wewe!"

"Ni mimi."

"Una mwanamke kule? Una nyumba nyingine huko machimbo? Sema!"

Nilitamani aseme ndiyo. Hata sasa ninapoandika, natamani angesema ndiyo.

Akakaa chini, mikono imejaa grisi.

"Machimbo yaliporomoka, Mama Spana. Ulikuwa wodini. Daktari alisema ukipata mshtuko mwingine tunakupoteza. Nikadandia lori... nikamzika mwenyewe."

Sikupiga kelele. Niliuliza swali la kijinga kabisa.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Ovaroli langu la zamani."

"Na nilipopona? Mbona hukuniambia?"

"Kila nikitaka kufungua mdomo, nakukuta unalipiga pasi lile shati. Ukimsubiri, angalau ulikuwa unakula."

Nikamwambia neno moja tu.

"Rudisha waya."

Akaurudisha. Tukajaza tangi njia panda, tukapanda milima. Moshi hakuna. Harufu hakuna. Kuukuu lilelile, linakwenda kama jipya!

Macho yangu yalikuwa kwenye mshale. Safari zote zile niliomba usishuke. Siku hiyo niliomba ushuke, jamani! Niliomba mafuta yaishe, Baba Spana aseme tukiendelea hatutarudi, tugeuze, mwanangu abaki hai mpaka safari nyingine.

Mshale ukakaa palepale.

Tulifika jua likiwa bado juu. Vijana wa machimbo walinionyesha rundo la mawe, na juu yake spana moja iliyoshika kutu. Nikalikunjua shati, nikalitandika hapo, nikaweka jiwe kila pembe lisipeperuke.

Baba Spana simlaani. Bado tunalala kitanda kimoja, tumepeana migongo.

Ila nyie mnaosoma, nawaomba: mtu akifiwa, mwambieni. Hata akiwa mgonjwa, tafuteni siku mumwambie. Hata kama mnampenda... hasa kama mnampenda! Msiba ni wake, mwacheni aulie. Mimi watu wote walishamlia mwanangu, nikabaki peke yangu nampigia pasi shati.

Gari sasa ni zima. Halili mafuta kabisa, mtaa mzima unalisifia.

Linashinda uani tu. Hatuna tena pa kwenda.