Namba Iliyoandikwa Kwenye Kifuniko

Akal Lopeyok alikuwa mpimaji wa maji mjini Lodwar. Maabara yake ilikuwa chumba kimoja chenye friji, meza na feni yenye kelele. Alifanya kazi peke yake, tena akajivunia. Wiki tatu hakuonja Jumapili. Mchana alisahau kula, na usiku alilala kidogo tu. Mumewe, Ekeno, akimwambia apumzike, alijibu, "Mtaalamu hana usingizi." Ujinga mtupu, lakini wangapi kati yetu hatujausema?

Jumanne alikwenda Kakuma kuchota maji katika mabomba sita ya kambi ya wakimbizi. Aliyemzungusha alikuwa Abuk, mama wa Sudan Kusini aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya hospitali kule kwao miaka tisa. Kila chupa ilipojaa, Akal aliandika namba ya bomba juu ya kifuniko. Abuk aliona, akataka kusema neno, lakini Akal alikuwa ameshapanda gari.

Jioni, macho mekundu, Akal alifungua chupa zote kwa mkupuo. Vifuniko akavirundika mezani, akaanza kupima, visahani akavipa namba kwa kufuata tu jinsi chupa zilivyopangwa. Kesho yake kisahani cha namba mbili kilijaa madoa ya vijidudu. Vingine vilikuwa safi. Alifurahi kwamba kazi imekwisha, kisha akakumbuka lile rundo la vifuniko. Kifuniko cha namba mbili kilitoka kwenye chupa ipi? Hakujua.

Mkubwa wake, Bwana Adome, akaingia, akakiona kile kisahani. "Ripoti iko wapi? Wafunge hiyo bomba mbili leo."

"Sina hakika ni mbili, bosi. Namba ilikuwa kwa kifuniko. Chupa haikuwa na kitu."

"Weka sahihi tu. Nani atajua?"

"Mtoto atakunywa ile chafu, yeye atajua. Siweki."

"Unakataa amri?"

"Nakataa uongo. Kalamu hii hapa. Andika jina lako."

Adome aliitazama kalamu. Hakuigusa.

Akal akampigia Abuk simu, akamsalimu kwa Kiturkana. "Ejok, Abuk. Nimeharibu." Akaeleza yote.

"Mimi niliona nikanyamaza, hiyo makosa ni ya sisi wawili," Abuk akasema. "Kifuniko inatembea, dada. Andika kwa chupa yenyewe, pale pale kwa bomba, kabla maji haijaingia. Na wewe, ulilala lini?"

"Sikumbuki."

"Unaona? Usingizi ndiyo imechanganya. Mimi nitaambia watu ya bomba zote sita wachemshe maji ama watie dawa. Wewe kula, lala. Kesho ukikuja na macho ya usingizi, nitakufukuza."

Akal alicheka, kisha machozi yakamtoka. Kazini hakuna aliyewahi kumuuliza kama amelala.

Akamgeukia Adome. "Leo naenda kulala. Kesho narudi Kakuma. Na Jumapili ni yangu. Hii ni kazi ya watu wawili, bosi. Andika barua, omba mwingine."

Adome alifoka mpaka mate yakamruka. Akal alichukua mkoba wake, akatoka.

Alhamisi walichota upya. Abuk alisoma namba kwa sauti, Akal akaiandika ubavuni mwa chupa. Ijumaa majibu yakatoka: lenye uchafu lilikuwa bomba namba tano! Namba mbili lilikuwa safi kabisa. Kwa sahihi moja tu, watu wangefungiwa maji mazuri na kuachiwa mabaya. Namba tano likafungwa, mpira wake uliopasuka na kuingiza uchafu ukatengenezwa.

Adome aliiandika ile barua, kwa kununa. Mpimaji wa pili, Aregae, alikuja, wakagawana zamu. Kitu cha kwanza alichofundishwa ni kuandika kwenye chupa.

Jumapili moja Akal na Ekeno walikuwa wakila samaki. Simu ikalia. Alikuwa Adome.

"Akal, kuja ofisini, kuna chupa za kupima."

"Zamu ni ya Aregae, bosi, na yuko hapo. Mimi nakula."

Akaizima simu, akaomba aongezewe mchuzi.