Kivuli Alichonunua Nunow

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua la Garissa halijaanza kuchoma mabati, kazi ya Filsan ilikuwa kupanga vitu vya safari. Kulikuwa na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, mikate ya anjera iliyofungwa kwa kitambaa, mkeka wa Ayeeyo, bibi yake, na panga za Aabo, baba yake. Kamba ya katani aliiweka mwisho, na kuikagua tena na tena, kwa maana ilikuwa ya bembea yake.

Baba huyo, Nunow, aliuza nguo sokoni. Mwaka mmoja baada ya mvua kubwa za El Nino, alinunua kipande cha ardhi kando ya Mto Tana, upande wa kuelekea Balambala. Hakutaka kulima wala kufuga. Alitaka mahali ambapo familia yake ingepumzika mwisho wa juma. Watu sokoni walicheka hadi wakashika mbavu.

"Nunow kanunua kivuli!" walisema. "Kesho atanunua upepo!"

Nunow naye alicheka, kisha akaendelea kupima vitambaa vyake.

Kivuli chenyewe kilidai jasho. Mafuriko yalikuwa yameacha magogo kila mahali, na mathenge ilikuwa imeota ovyo, vichaka vya miiba isiyo na huruma. Nunow alifyeka. Mama yake, Ayeeyo Abshiro, alikusanya majani makavu. Filsan alikokota matawi kwa hangool, fimbo ndefu yenye ndoana upande mmoja na panda upande wa pili, ambayo wafugaji huvutia na kusukumia miiba bila kuchomwa. Ilikuwa fimbo ya Ayeeyo tangu ujana wake, na mjukuu wake alikuwa amekwisha kuwa hodari wa kuitumia.

Siku ya kwanza kabisa, Nunow alimwonyesha binti yake njia pana iliyopita pembeni mwa ardhi yao hadi majini.

"Hii ni malka," alisema. "Wanyama wa watu huteremkia hapa kunywa maji. Aliyeniuzia ardhi hakuniuzia njia hii, na hata angetaka asingeweza. Haifungwi na mtu yeyote. Umesikia?"

"Nimesikia, Aabo."

Ingekuwa rahisi kutii kama si ule mkuyu. Mti wenye tawi zuri kuliko yote la kufungia bembea ulisimama ukingoni mwa malka. Jumamosi iliyopita mbuzi walipita hapo wakielekea mtoni, wakatapakaza mavi chini ya bembea, wakakanyaga mkeka, na beberu mmoja mwenye kiburi akaanza kutafuna kamba. Filsan alilia kwa hasira. Wiki nzima darasani alimfikiria beberu yule kuliko hesabu.

Basi safari hii, Aabo na Ayeeyo walipokwenda kufyeka mwisho wa ardhi, Filsan alichukua hangool. Akavuta tawi moja la mathenge, akalilaza katikati ya njia. Akaongeza la pili, na mengine juu yake, mpaka malka ikazibwa kabisa. Kisha akapanda bembea na kujirusha juu, akifurahia usafi wa kivuli chake.

Haikupita muda akasikia kengele za mbuzi. Wakaja, wakasimama mbele ya miiba, wakalia kwa kiu. Nyuma yao sauti ya msichana ikaita, "Abaayo, dada yangu! Nani amefunga malka?"

Filsan alijificha nyuma ya shina la mkuyu, akanyamaza kimya. Msichana aliita tena. Hakujibiwa. Mwishowe kengele ziligeuka, zikaelekea upande wa juu wa mto.

Wakati wa chai Nunow alitazama huku na huku. "Mbuzi wa jirani yetu Khadijo hawajaja leo? Saa yao imepita."

"Sijawaona, Aabo," alijibu Filsan, macho yakiwa kwenye kikombe.

"Labda binti yake, Sirad, amewapeleka juu," alisema Ayeeyo. "Mungu apishe mbali. Huko ukingo ni matope matupu tangu mafuriko, na mamba wapo. Mtoto mwenyewe ni wa rika la huyu wetu."

Filsan aliweka kikombe chini. Alijua akisema, bembea huenda ikawa imekwisha, na uso wa Aabo utabadilika. Lakini ile sauti iliyoita mara mbili ilikuwa bado masikioni mwake.

"Aabo, nilisema uongo!" alilia. "Walikuja. Nimefunga njia kwa miiba. Sirad aliita nami nikajificha. Wamekwenda juu!"

 Nunow alinyakua hangool na kukimbia, Filsan nyuma yake.

Walimkuta Sirad amezama matopeni hadi magotini, amekumbatia mwanambuzi. Kila alipojaribu kujinasua alizidi kuzama, na maji yalikuwa karibu.

"Usijitingishe!" Nunow aliamuru. Alilala kifudifudi akanyoosha hangool. Sirad alishika ile ndoana kwa mkono mmoja, mwanambuzi kwa mwingine. Filsan alimshika baba yake miguu, akavuta kwa nguvu zake zote. Matope yakamwachia Sirad polepole, akatoka. Katikati ya mto, kitu walichodhani ni gogo kilizama bila kelele.

Waliporudi, Filsan aliondoa kila tawi njiani mwenyewe, hata mikono ikatoka damu. Mbuzi walishuka na kunywa hadi wakashiba. Kisha alimwendea Sirad.

"Nilikusikia ukiita," alisema. "Nisamehe."

Sirad alipangusa matope mikononi. "Wallahi, niliogopa sana," alisema. "Lakini mlikuja. Nimekusamehe."

Ayeeyo aliwamiminia chai wote wawili. "Filsan, mjukuu wangu," alisema, "kufunga njia lilikuwa kosa, na kosa la miiba huondolewa kwa hangool. Kilichotaka kumpoteza mwenzako ni kule kujificha na kusema hujaona. Ukikosea, sema mapema, mambo yakiwa bado yanarekebishika. Leo umesema kwa kuchelewa kidogo, na tumshukuru Mungu kwamba hukuchelewa zaidi."

Nunow aliifungua kamba ya bembea. Filsan alidhani bembea imekwisha. Lakini baba yake aliifunga upya kwenye tawi la mti mwingine, mbali na malka, ambako beberu hangeifikia.

Sirad alitazama mkeka, chai na bembea. "Kumbe ninyi ndio mlionunua kivuli?" aliuliza.

"Ndio sisi," alijibu Nunow akicheka. "Keti, binti yangu. Kinatutosha sote."